Mwanamke Mwandishi Huitoa Wapi Ilhamu? Jibu kwa Mwalimu wa Newala

Swali: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mwanamke wa miaka 29, ninafundisha shule ya msingi hapa Newala, na nina watoto wawili. Tangu nikiwa sekondari natamani kuandika riwaya, lakini kila nikishika kalamu naona sina cha kusema. Waandishi wanawake ninaowasikia ni wa Zanzibar, Dar es Salaam au nje ya nchi, na mimi sijasafiri popote zaidi ya Mtwara mjini na Lindi. Wao huitoa wapi ilhamu? Na je, niliyofundwa unyagoni na bibi yangu ninaruhusiwa kuyaandika?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Nilipoisoma barua yako nilipiga mstari chini ya maneno "sina cha kusema", kwa sababu katika miaka zaidi ya ishirini ya kufundisha fasihi na kusoma miswada hapa Mtwara nimeyakuta maneno hayo katika barua za wanawake mara nyingi mno. Vijana wa kiume wanaoniandikia huuliza nani atawachapishia. Wanawake huuliza kama wana haki ya kuanza. Kwa hiyo swali lako la ilhamu nalichukua kwa uzito wote, na nitalijibu kwa urefu.

Nikiangalia maisha ya wanawake walioandika mambo yaliyodumu, naona chanzo kimoja kinachojirudia: kulikuwa na mtu ambaye ilikuwa lazima aambiwe jambo, na muda wa kumwambia ulikuwa mfupi. Jambo lenyewe walikuwa nalo siku nyingi, wakalibeba kama wanawake wote wanavyobeba mambo, bila kuliita fasihi. Lilianza kuwa maandishi pale lilipompata msikilizaji wake.

Mfikirie Mwana Kupona binti Msham wa Pate, mtunzi wa Utenzi wa Mwana Kupona, ambaye bila shaka ulikutana naye sekondari. Mumewe, Bwana Mataka, alikuwa mtawala wa Siyu aliyepambana na Sultani wa Zanzibar, hivyo mwanamke huyu alikuwa ameziona vita na siasa kutoka ndani ya nyumba zilikopangwa. Angeweza kutunga utenzi wa vita, kama walivyofanya wanaume wengi wa pwani. Lakini mwaka 1858, akiwa amelemewa na maradhi kwa muda wa mwaka mzima, alimwita binti yake asogee karibu, akae na wino na karatasi, kwa kuwa kulikuwa na maneno mema ambayo hakuwa amepata nafasi ya kumwambia. Hayo yote yamo katika beti za mwanzo za utenzi wenyewe: ugonjwa, wino, karatasi, na mtoto anayeitwa. Miaka kama miwili baadaye alifariki dunia. Mimi sikubaliani na kila alichomwusia bintiye kuhusu kumtii mume, na wasomaji wengi wa leo wana ugomvi wao na utenzi huo, lakini kila ninapousoma naisikia sauti ya mama anayezungumza na mtu mmoja tu, na kwa sababu hiyo sisi wengine wote, baada ya zaidi ya miaka 160, tunasimama mlangoni kusikiliza.

Zaidi ya karne moja baadaye, huko Senegali, Mariama Bâ, mwanamke aliyewahi kuwa mwalimu wa shule kama wewe, mama wa watoto tisa aliyeachana na mumewe, alichapisha mwaka 1979 riwaya ambayo yote ni barua ya mjane aliye edani kwenda kwa rafiki yake wa tangu utotoni. Riwaya hiyo ilipata Tuzo ya Noma, iliyokuwa ikitolewa kwa vitabu vilivyochapishwa Afrika, mwaka 1980, na kwa Kiswahili imetafsiriwa kwa jina la Barua Ndefu Kama Hii. Msomaji wa Kilwa au Mikindani hahitaji kuelezwa eda ni nini; amewaona mama na shangazi zake wakikaa ndani miezi minne na siku kumi, watu wakiingia na kutoka, wakiwapa pole na huku wakikagua mali ya marehemu kwa macho. Bâ hakwenda mbali kutafuta umbo la kitabu chake. Alitambua kwamba desturi ambayo jamii yake yote iliijua ilikuwa na muda mrefu wa ukimya ndani yake, na kwamba katika ukimya huo mwanamke hufikiri mengi ambayo hakuna aliyewahi kumwuliza. Kisha akampa mtu wa kumwandikia.

Si lazima msikilizaji awe mmoja. Siti binti Saad, mwimbaji wa taarab, hakusoma shule, lakini nimezoea kuwaambia wanafunzi wangu kwamba anastahili kuhesabiwa miongoni mwa mama wa fasihi yetu. Alizaliwa Fumba, Unguja, katika nyumba ya wafinyanzi, akatembeza vyungu mitaani akiwaimbia wateja, na mwaka 1928 alikwenda Bombay kurekodi nyimbo zake katika sahani za santuri. Wimbo wake wa Kijiti ulitokana na mauaji halisi ya mwanamke yaliyoizungumzisha Zanzibar: muuaji alitoroka, na waliobebeshwa adhabu wakawa mashahidi wanawake. Kilichomsukuma kilikuwa hasira ya mtaa mzima ambayo haikuwa na pa kusemewa. Na hapa kwetu bara, Penina Muhando, ambaye tamthiliya zake zilianza kuchapishwa miaka ya 1970, alishirikiana na Amandina Lihamba kuanzisha mwaka 1996 mradi wa Tuseme, ambamo wasichana wa sekondari hutumia maigizo kuyasema mambo yanayowazuia kusoma. Huyu naye alipata kazi yake kwa kukaa na kusikiliza kwanza.

Mimi mwenyewe nilichelewa kulijua hili, na niruhusu nikueleze jinsi nilivyochelewa. Muswada wangu wa kwanza ulikuwa na mji mkubwa, hoteli ya ghorofa nyingi, wanawake wenye magari, na mapenzi ya kusalitiana. Mji huo nilikuwa nimeupita mara mbili tu. Nilimpelekea mhariri mmoja, naye akaurudisha na maelezo ya sentensi moja: "Aliyeandika haya hajawahi kuishi humu." Niliumia kwa miezi mingi. Kisha siku moja mdogo wangu aliniuliza kwa nini mama yetu hakuwa akila ming'oko, viazi vya porini, wakati kila mtu Mtwara anaipenda, hata wageni huinunua pale stendi ikiwa imechemshwa na kufungwa mafungu. Nilijua sababu, kwa kuwa mimi mkubwa niliwahi kuambiwa: kulikuwa na mwaka wa njaa ambao mama na bibi walikuwa wakiingia msituni kuichimba kila alfajiri, na walikula hiyo peke yake mpaka mmoja wa watoto hakuweza tena kumeza. Nilikaa nikamwandikia mdogo wangu kurasa nane. Sikuwa nikitunga, nilikuwa nikijibu swali. Hizo ndizo kurasa zangu za kwanza ambazo watu walizisoma mpaka mwisho.

Sasa turudi kwako, maana umeniambia hujasafiri, na mimi nataka nikuoneshe ulipo. Mahuta haiko mbali na unapofundisha. Mwaka 1906 Karl Weule, mtaalamu wa makumbusho kutoka Leipzig, Ujerumani, alisafiri kutoka Lindi kupitia Masasi hadi kwenye nyanda zenu za juu akiwa na kamera na fonografu, mashine ya kunasia sauti, na miongoni mwa aliyoyaandika ni simulizi ya asili ya Wamakonde. Huenda unaijua kwa namna nyingine, lakini aliyopewa yeye inasema hivi: katika pori la Mahuta aliishi mtu mmoja peke yake, asiyeoga wala kunyoa. Alichonga sanamu ya mti, akaisimamisha nyumbani kwake, na usiku ikawa mwanamke hai. Walishuka wote wawili hadi Mto Ruvuma kuoga, na huko mwanamke akajifungua mtoto aliyekufa. Wakahama, wakavuka nyanda mpaka bonde la Mbwemkuru, na huko pia akazaa mtoto mfu. Ndipo waliporudi juu, Mahuta, na mtoto wa tatu akaishi, na kutoka kwao likatokea kabila.

Simulizi hii nimeisoma na kuisikia mara nyingi, na kila mara sifa humwendea mchongaji. Ndivyo inavyokuwa katika nchi ya wachongaji, na sina ugomvi na mpingo wetu. Lakini hebu ufuate mwendo wenyewe. Kutoka Ruvuma, kwenye mpaka wa Msumbiji, mpaka Mbwemkuru, kaskazini ya mji wa Lindi, ni kuivuka nchi nzima ya kusini kwa miguu, na mwanamke huyo aliivuka akitoka kuzika, akarudi akitoka kuzika tena. Katika simulizi nzima hana jina wala sentensi moja. Alimwambia nini mwenzake walipokuwa wakiupanda mteremko kutoka mtoni? Nani kati yao aliyesema turudi Mahuta? Weule aliandika kilichosemwa, wala sidhani kwamba alikuwapo mtu wa kumwambia kilichoachwa. Wewe unajua pia jambo ambalo yeye aliliona kama mpita njia: kule juu maji ni ya shida, na kabla ya mabomba waliokuwa wakishuka mabondeni na kupanda tena na vyungu kichwani walikuwa wanawake. Kwa hiyo uamuzi wa kukaa juu, ambao simulizi inausifu kwa sababu uliokoa watoto, ulikuwa pia uamuzi juu ya nani atashuka kila siku kufuata maji. Mwanamke wa Newala akikaa na swali hilo kwa mwaka mmoja ana riwaya mkononi, na sijui mwandishi wa mji gani anayeweza kuiandika badala yake.

Hilo ni la kale. La leo lipo kwenye mikorosho. Kwa Wamakonde, Wamwera, Wamakua na Wayao ukoo umekuwa ukihesabiwa kwa mama, na mjomba akawa na sauti juu ya watoto wa dada yake kuliko baba aliyewazaa. Baadaye vikaja dini, shule na sheria ya serikali, kila kimoja na hesabu yake ya nani ni mtoto wa nani, na katikati ukapandwa mti unaozaa kwa miongo kadhaa, hata mara nyingi ukamzika aliyeupanda. Mwanamume anapofariki, watoto wa dada zake wanauhesabu mkorosho huo kwa njia moja na watoto wake wanauhesabu kwa njia nyingine. Anayesimama hapo katikati, akiwa dada wa mmoja na mke wa mwingine, ni mwanamke, na mara nyingi haulizwi. Umewahi kukaa kwenye kikao cha namna hiyo? Nina hakika umewahi, hata kama ulikaa nyuma na mtoto mgongoni. Basi ulikuwa kwenye chanzo.

Na zipo kazi za mikono. Waandishi wengi wa kike huzidharau kwa sababu wameambiwa kwamba zinawanyang'anya muda, jambo ambalo ni kweli, lakini kazi hizo pia ndimo wanawake wanamosemea. Wanaobangua korosho hupaka majivu vidoleni ili mafuta ya ganda yasiwaunguze, hukaa kwa duara, na mikono inapozoea mdundo midomo huachiliwa. Wanaofuata maji ya bamvua Msimbati au Kilwa kutafuta pweza na chaza huzungumza kwa sauti ya juu kwa sababu ya upepo, na hivyo huyasema mambo ambayo nyumbani yangesemwa kwa kunong'ona. Ukikaa hapo usiandike mbele za watu. Sikiliza, nenda nyumbani, andika sentensi moja kama ilivyosemwa, pamoja na kosa lake na mkato wake. Sentensi iliyosemwa hivyo huwa na mtu kamili ndani yake.

Nimefika kwenye unyago, na hapa nitakwenda polepole, kwa kuwa naona ndilo swali lililokusumbua zaidi ingawa umeliweka mwisho.

Mafundisho ya unyagoni si yako peke yako. Umepewa na bibi yako na nyakanga, mkuu wa mafunzo hayo, mbele ya wali wengine, yaani wasichana waliofundwa pamoja nawe, kwa makubaliano kwamba yatabaki kwa waliopita. Siwezi kukwambia kwamba mwandishi yuko juu ya makubaliano hayo, kwa sababu siamini hivyo. Nyimbo zenyewe na maana zake, ishara, yale yanayooneshwa ndani, hayo usiyaandike mpaka waliokupa wawe wamekuruhusu, na wakikataa waheshimu. Nimewahi kuona muswada uliomwaga yote, na mbali na aibu iliyowapata wazee wa kijiji kile, kitabu chenyewe kilikuwa dhaifu: kilikuwa orodha ya mambo ya ajabu kwa msomaji wa mbali, na wale wali hawakuwamo kama watu.

Lakini angalia ni mengi kiasi gani yaliyo nje ya siri. Mama anayekopa nguo na mchele kwa ajili ya siku ya kutoka. Kanga inayochaguliwa kwa jina lake, maana kila mtu atalisoma na kujua inamsema nani. Mtoto anayeingia akiwa bado anacheza na kutoka akiwa ameambiwa amekua, kisha Jumatatu anarudi darasani kwako, mwalimu, na wewe unamwona ameanza kukaa namna nyingine. Hakuna aliyekuapisha kuhusu hilo. Umelipata kwa macho yako, katika kazi yako, na wewe ni mmoja wa watu wachache wanaoliona kwa pande zote mbili, kama aliyewahi kuwa mwali na kama anayewafundisha kusoma. Kuna wanaosema unyago ufutwe, na kuna wanaosema usiguswe. Mimi ninachokutaka uandike ni yule mtoto wa Jumatatu, kwa uaminifu, bila kumtumia kushinda hoja ya upande wowote.

Pia mwulize bibi yako. Waandishi chipukizi wengi huogopa kuomba ruhusa kwa kudhani watakataliwa, na mara nyingi nimeona kinyume: bibi akishajua kwamba mjukuu hana nia ya kumwaibisha, humpa hata ambayo hakuyaomba, yale ya maisha yake mwenyewe. Mwulize alikuwa na umri gani alipotoboa mdomo au alipochanjwa nembo usoni, kama ni wa kizazi hicho, au kama mama yake alikuwa na ndonya, kile kipande kinachovaliwa kwenye mdomo uliotobolewa, na yeye akakataa. Ukichunguza utaona kwamba palikuwa na mwaka fulani katika kila ukoo ambapo msichana mmoja alikataa, au mama mmoja aliamua kutompeleka. Huyo msichana anahitaji mtu wa kumwandika.

Kuhusu muda nitasema machache, kwa kuwa hakuna ninachoweza kukupa zaidi ya mfano. Toni Morrison wa Marekani, aliyekuja kupata Tuzo ya Nobel mwaka 1993, alikuwa mhariri ofisini na mama aliyelea wavulana wawili peke yake, na alizoea kuandika alfajiri kabla hawajaamka. Wewe una madaftari ya wanafunzi ya kusahihisha na chakula cha kupika. Usijipangie sura nzima. Jipangie ukurasa mmoja kwa siku tatu za wiki, na siku ambazo umechoka usome ulichoandika bila kukigusa.

Na lugha? Andika Kiswahili chako, kile kinachosemwa Newala, na pale ambapo bibi yako angetumia neno la Kimakonde kwa sababu Kiswahili hakina sawa yake, liache neno hilo mahali pake na uliache tendo liielezee maana. Msomaji wa Tabora atalielewa kama atakavyoielewa ming'oko, kwa kumwona mtu akiichimba.

Kwa hiyo, mwanangu, weka kando kwa muda swali la "niandike nini". Juu ya ukurasa wa kwanza andika jina la mtu mmoja, awe binti yako, bibi yako, au yule mwanamke wa Mahuta asiye na jina, kisha mwambie jambo ambalo hujawahi kumwambia. Zikifika kurasa kumi, msomee bibi yako kwa sauti, jioni, baada ya chakula. Atakukatiza. Pale atakapokukatiza ili kukusahihisha, weka alama pembeni kwa penseli, na pale atakaponyamaza weka alama nyingine. Kisha nitumie kurasa hizo pamoja na alama zote mbili, nami nitazisoma.